Mnapima gauni, mkono hamuuoni: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya muziki wetu

Kwenu wakuu wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kwenu wenzao wa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni kule Zanzibar. Kwenu wakurugenzi wa redio na televisheni, wenye lebo, na waandaaji wa matamasha.

Wakubwa zangu, shikamooni. Mnaolingana nami, habari za kazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Sinza, Dar es Salaam. Niliingia kwenye Bongo Fleva mwaka 2005 nikiwa mwitikiaji, nikaja kutoa nyimbo zangu tatu. Mmoja ulitamba msimu mmoja, mbili zikafia njiani. Siku hizi nafundisha mabinti kuimba, sebuleni kwangu, meza ikiwa imesogezwa ukutani ili wapate pa kusimama. Siandiki kutafuta kiki, wala sina wimbo wa kuuza. Naandika kwa sababu ya swali nililoulizwa ndani ya bajaji.

Wiki tatu zilizopita nilimsindikiza mwanafunzi wangu kwenye mahojiano ya redio. Ana miaka 20. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa umetoka siku hizo. Mashairi kaandika mwenyewe kwenye daftari la hesabu, na korasi ina sauti tatu, zote zake, aliziingiza moja baada ya nyingine mpaka adhana ya alfajiri ikamkuta studio. Nilikaa upande wa pili wa kioo, nikatoa risiti ya duka la dawa kwenye mkoba, nikawa naandika mgongoni mwake kila swali analoulizwa.

Una mtu? Mtu wako anaonaje unavyovaa? Hizo nywele ni zako? Una kilo ngapi? Meneja wako ni meneja tu, au kuna kingine? Ukiambiwa uchague msanii mmoja wa Bongo utoke naye, utamchagua nani? Mgongo wa risiti ukajaa, nikageuza, nikaendelea pembeni ya bei ya dawa ya kikohozi. Maswali 14. Yaliyohusu wimbo yalikuwa mawili, na la pili lilikuwa hili: "Nani alikuandikia?" Binti akajibu kwamba kaandika mwenyewe. Mtangazaji akacheka, akamgeukia mwenzake, akasema, "Haya, tumeamini."

Niseme ukweli wote: aliyeuliza habari ya kilo alikuwa mtangazaji wa kike.

Aliyefuata alikuwa kijana wa rika lake, kaja na kandambili na fulana iliyopauka. Akakaribishwa hivi: "Kaka, tupitishe, huu wimbo ulianzaje?" Akapewa muda wa kutosha kueleza gitaa alilojifunzia kanisani, biti ilivyobadilishwa mara tatu, na kwa nini kibwagizo kinachelewa kuingia. Nilifurahi kumsikiliza, maana kijana ana kichwa. Hakuna aliyemuuliza kama ana mtu.

Kurudi, binti alinyamaza njia nzima. Tulipofika kwenye taa za Bamaga ndipo akaniuliza, "Anti, kwani wimbo wenyewe mbaya?"

Nilimwambia wimbo ni mzuri. Majibu mengine hayakuwa yangu kuyatoa, ni yenu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na BASATA. Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 iliwapa kazi ya kuifufua na kuiendeleza sanaa. Lakini muulize msanii yeyote chipukizi BASATA ni nani, atakwambia: wale wanaofungia watu. Na ukimuuliza binti, atakwambia mpaka wanachofungia.

Mwaka 2016 wizara ilipiga marufuku video ya "Chura" ya Snura, na mwenyewe akazuiwa kupanda jukwaani mpaka ajisajili. Mwaka 2019 Rosa Ree alifungiwa miezi 6 na faini ya shilingi milioni 2 juu, kwa video aliyoifanya na msanii wa kiume kutoka Kenya. Januari 2021 ikawa zamu ya Gigy Money: miezi 6, faini ya milioni 1, kisa ni namna alivyoonekana jukwaani Dodoma. Machi 2024 wenzenu wa Zanzibar wakamfungia Zuchu, binti wa Khadija Kopa, miezi 6 na faini ya milioni 1, kwa alivyoimba kwenye tamasha la Kendwa.

Sisemi kwamba kila kilichofanyika kwenye majukwaa hayo nilikipenda. Mengine niliyatazama huku nimeinamisha uso. Nimelelewa na bibi ambaye hakutoka nje ya mlango bila baibui. Na najua wanaume nao wamefungiwa. Roma, yule wa hip hop, alifungiwa mwaka 2018. Diamond na Rayvanny walifungiwa Desemba mwaka huohuo, wakafunguliwa Januari 2019. Lakini litazameni kosa lenyewe. Mwanamume mnamwita kwa kile alichotamka. Mwanamke mnamwita kwa alichotamka, na kwa alichovaa, na kwa jinsi mwili wake ulivyotikisika, na mara nyingine kwa jinsi Mungu alivyomuumba, maana gauni lilelile akilivaa mwembamba hakuna anayeshtuka. Kaka zetu huvua mashati jukwaani, jasho linatiririka kifuani, kamera zinasogea, uwanja unapiga kelele. Miaka yote hii sijasikia kifua cha mwanamume kikiandikiwa barua.

Ile video ya Rosa Ree ilikuwa ya watu wawili. Mtasema mwenzake ni Mkenya, mkono wa BASATA haumfikii. Sawa. Lakini video yoyote ina mwongozaji, ina mwenye kamera, ina mwenye hela aliyekaa pembeni akitikisa kichwa. Mrembo siye anayeamua kamera ishuke mpaka wapi. Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, angalau iliigusa na televisheni iliyorusha shoo ile ya Dodoma. Nililiona hilo nikasema, hapa sasa wameanza kuelewa. Sijaona likirudiwa kwa waongozaji wala kwa wenye matamasha.

Na kiuno chenyewe, wakubwa zangu, hatukukiokota YouTube. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ambaye dunia nzima ilimpa tuzo na taifa likamlilia alipofariki Aprili 2013, alikuwa somo wa unyago, mfundaji wa mabinti waliovunja ungo. Kiuno kilikuwa na mwalimu, kilikuwa na siku yake na ua wake, na mwanamume haingii. Waliokitoa uani wakakipeleka jukwaani kwa kiingilio, mbele ya bango la kampuni ya simu, si wachezaji peke yao. Wapo waliochagua wachezaji kwa kuwageuza mmoja mmoja. Niliwaona wakifanya hivyo, kwenye ukumbi mchana, wanaume watatu na chupa zao za maji, wakimwambia binti wa watu "geuka tena".

Hata majina tuliyopewa yanasema. Ray C alikuja na sauti laini ambayo mpaka leo mabinti zangu wanajaribu kuiga wanashindwa, nchi ikambatiza "kiuno bila mfupa". Wenzake wa kiume wakawa Profesa, Afande, Mfalme, Simba.

Sasa niwaambie habari ya mkono.

Mwishoni mwa 2007 nilikuwa narekodi kwenye studio moja ya uani. Chumba kimoja, trei za mayai ukutani, godoro limeegemezwa kwenye mlango wa chuma kuzuia kelele za nje. Saa 5 usiku. Ubeti wa kwanza umeingia, wa pili unasumbua. Prodyuza akawapa vijana wawili tuliokuwa nao hela ya chipsi. Walipotoka akasukuma komeo. Hakupandisha sauti wala hakunitisha. Alisema kwa upole kabisa, kama daktari anayekuandalia sindano, "Sauti imekaza. Ukilegea itatoka yenyewe. Na wewe utatoka." Mkono ulikuwa umeshafika begani kwangu na haukukaa hapo. Nakumbuka feni. Ilikuwa na bawa bovu, inagonga kila ikimaliza mzunguko, na mimi nikawa nahesabu mapigo yale.

Nilitoka. Nilivyotoka ni habari yangu. Nilitembea kwa miguu mpaka barabara kubwa, viatu mkononi, na wimbo wangu ukabaki ndani ya kompyuta yake. Miezi miwili baadaye niliusikia kwenye daladala: biti ileile, kibwagizo changu neno kwa neno, sauti ya binti mwingine. Nilimchukia yule binti kwa miaka mingi. Sasa nina umri wa kumzaa binti wa rika alilokuwa nalo siku zile, na ninachojiuliza ni yeye alilipa nini kuupata.

Nilimweleza mkubwa mmoja wa muziki huu, mtu niliyemheshimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani, akasema, "Mdogo wangu, ungevumilia kidogo tu, saa hizi ungekuwa mbali."

Mwaka huohuo wa 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Kifungu cha 25 kinamhusu mtu mwenye mamlaka anayemdai mwenzake ngono ili ampe ajira, haki au upendeleo wowote. Adhabu ilivyoandikwa wakati huo ni faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sikukijua kifungu hicho. Hakuna studio niliyopita iliyokibandika ukutani, na hakuna semina ya wasanii niliyohudhuria ambako kilisomwa. Semina za maadili nimehudhuria nne. Zote tulizungumzia urefu wa sketi.

Hapo ndipo penye jambo langu lote. Maadili ya muziki wetu yanapimwa kwa nguo ya mwanamke aliye mbele ya watu elfu, hayapimwi kwa mkono wa mwanamume aliye naye peke yake usiku. Jukwaa mnalilinda kwa faini na barua. Mlango wa studio hauna mlinzi. Matokeo yake kila binti anayefanikiwa anabeba swali lisilomfuata mwanamume hata siku moja: "Kapitia kwa nani?" Kipaji chake kinageuka ushahidi wa kosa la mtu mwingine. Aliyekataa, kama mimi, haonekani, kwa hiyo wanaoonekana wote wanadhaniwa walikubali. Hivi ndivyo mlango mmoja usio na mlinzi unavyowachafua waliotoka na waliobaki, na mwenye komeo anaendelea kupokea simu za kazi.

Nitataja jambo jingine bila kumtaja jina mhusika, maana ni mama wa watu sasa na jina lake lilishaburuzwa vya kutosha. Aprili 2018 waziri alisimama bungeni Dodoma akaeleza kwamba wasanii wawili maarufu, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wamehojiwa na polisi kwa sababu ya video za faragha zilizosambaa mtandaoni. Ya mwanamume aliiweka mwenyewe, kwa kidole chake, kwenye ukurasa wake. Ya mwanamke ilivujishwa. Wakawekwa kwenye sentensi moja na kikapu kimoja. Aliyefanyiwa akaomba radhi kwa taifa. Mimi siku ile nilizima redio nikakaa jikoni nimeshika sufuria tupu, nikifikiria kwamba kama mtu angevujisha jambo langu, na mimi ningetakiwa kuomba radhi kwa kuibiwa.

Waliosoma historia ya muziki wetu hawatashangaa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mtoto wa Fumba kule Unguja, ndiye aliyetangulia kuipeleka sauti ya mwanamke wa Afrika Mashariki kwenye santuri, alipokwenda Bombay mwaka 1928. Watu wa mji walimtungia nyimbo za kumcheka sura na asili yake, kwamba kaja mjini na kaniki, kwamba isingekuwa sauti angekula nini. Akawajibu kwa kuimba kwamba uzuri na jadi si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Na ni yeye aliyeimba kisa cha Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mjamzito aliyekuja Unguja matembezini. Kijiti akatoroka bara. Waliofungwa ni wanawake wawili waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi, kwa kosa la kununua pombe ya siku ile. Siti alikuwa hajui kusoma wala kuandika, lakini hukumu ile aliisoma vizuri kuliko hakimu aliyeitoa. Karibu miaka 100 imepita na mimi bado naijua habari hiyo kwa majina mapya.

Ninyi waandaaji wa matamasha, mnafikiri nimewasahau. Mwaka 2010 nilipanda jukwaa moja mkoani na mwimbaji wa kiume. Wimbo wake na wangu ulikuwa ukipigwa sawasawa. Yeye alilipwa laki 8, mimi laki 3. Nilipouliza, promota akanijibu, "Wewe ukivaa vizuri watakutuza." Katika laki 3 hiyo nikatoa nywele, nikatoa mpambaji, nikatoa nguo ambayo siwezi kuivaa mara mbili kwa sababu watu watasema, nikatoa nauli ya mdogo wangu wa kunisindikiza kwa sababu siwezi kulala gesti ya ugenini peke yangu wakati nusu ya kamati ina namba ya chumba changu. Mwenzangu alikuja na jinzi aliyolala nayo kwenye basi. Kwa hiyo hata tungelipwa sawa, tusingeondoka sawa.

Na chumba cha kubadilishia nguo hakikuwapo. Tulivalia nyuma ya jukwaa, kando ya jenereta, mabinti wawili wakishika kanga pande mbili, na mwanga wa simu ukipenya kwa juu. Miaka mitano iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye tamasha kubwa zaidi ya lile, lenye taa za kutoka nje ya nchi na skrini ya ukubwa wa nyumba. Tulishika kanga. Jenereta tu ndilo lilikuwa jipya. Baadhi ya mabinti hao ndio mnaowatoza faini kwamba hawajajistiri.

Nandy alipoanzisha tamasha lake mwenyewe likazunguka mikoani, wengi walisema ni biashara. Mimi niliona mwanamke aliyechoka kusubiri apangiwe saa ya kuimba na bei ya kuimbia.

Kuna na habari ya umri. Wanaume wa kizazi changu wamezeeka na muziki huu kwa heshima, na ninafurahi kwa hilo. Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa kura za Mbeya Mjini, Professor Jay mwaka 2015 kwa kura za Mikumi, MwanaFA mwaka 2020 kwa Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa kuwa Naibu Waziri wa wizara inayosimamia sanaa. Mheshimiwa, wewe umetoka studio hizi hizi. Unaijua harufu ya zile trei za mayai, unajua nani alikuwa anabaki ndani saa ngapi. Barua hii ikikufikia usiisome kama waziri, isome kama mtu aliyekuwapo.

Wanawake tulioanza nao, wakifika miaka 30 wanaambiwa wamechuja. Akizaa, swali la kwanza la redio ni "Mtoto umemwachia nani?" Msanii wa kiume mwenye watoto kwa mama tofauti anaulizwa albamu inatoka lini. Mwaka 2020 Vanessa Mdee alitangaza kwenye podikasti yake kwamba anaachana na muziki, akaeleza wazi sonona na ulevi uliokuwa ukimmaliza huku sisi tukimuona anang'aa. Nilimsikiliza mpaka mwisho nikiwa nafua. Kesho yake kwenye daladala mjadala ulikuwa mmoja: kamfuata mwanamume. Mtu anakueleza kazi yako ilivyotaka kumuua, wewe unatafuta mwanamume wa kumlaumu au kumsifu.

Ninachoomba kinaweza kufanyika bila bajeti mpya ya serikali.

BASATA, chapisheni orodha ya adhabu zote mlizotoa tangu 2015: jina, jinsia, kosa, adhabu, na nani mwingine aliyehusika na kazi ile ambaye hakuguswa. Muiweke hadharani tuisome wote. Kisha andikeni kipimo cha mavazi na uchezaji kinachoanza na neno "msanii", kisomeke kwa mwanamume aliyevua shati kama kinavyosomeka kwa mwanamke aliyevaa gauni fupi, na barua ya wito iende kwanza kwa mwenye tamasha na mwongozaji kabla haijafika kwa binti. Kama kipimo hicho kitawashinda kuandika, basi jueni kilichokuwa kikitumika siku zote hakikuwa kipimo.

Studio. Hapa naomba mnisikilize zaidi ya penginepo pote. Wekeni mtu, mwanamke, asiye na studio wala lebo wala undugu na mwenye nayo, ambaye msanii anaweza kumpelekea malalamiko ya rushwa ya ngono bila jina lake kufika Instagram jioni ileile. Mfanye kazi na TAKUKURU, wenye kazi ya kupambana na rushwa. Namba yao, 113, ni ya bure, ibandikwe kwenye kila mlango wa studio mnayoitambua, pamoja na maneno ya kifungu cha 25 kwa Kiswahili chepesi. Na mtunge mkataba mfupi wa kurekodi, ukurasa mmoja tu: msanii ana haki ya kuja na mtu wake, mlango haufungwi kwa komeo, na akivunja kazi katikati sauti zake zinabaki mali yake. Kipengele hicho cha mwisho kingekuwapo mwaka 2007, wimbo wangu nisingekutana nao kwenye daladala.

Wenye vituo, hesabuni. Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walihesabu nyimbo 900 zilizotamba zaidi kati ya 2012 na 2020: wanawake walikuwa chini ya robo ya waimbaji, na kwa maprodyuza hawakufika 3 kati ya kila 100. Namba hizo zilianza kuwaumbua watu kwa sababu zilikuwa karatasini. Ninyi mna orodha za nyimbo mnazopiga kila siku, zimo kwenye kompyuta zenu. Toeni za mwezi mmoja tu. Na kabla mtangazaji hajamuuliza binti kilo zake, aulizwe na bosi wake kama kijana wa jana naye alipimwa. Sina haja ya kuwanyima wasikilizaji udaku. Najua unauza, na wakati mwingine nami nausikiliza. Naomba wimbo uulizwe kwanza.

Maprodyuza wanawake sitawadai leo, kwa sababu msichana hawezi kujifunza kazi inayofanyika usiku kwenye chumba chenye komeo. Tengenezeni mlango kwanza, watakuja wenyewe. Nina mmoja hapa nyumbani ana miaka 17, anatengeneza biti kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na ngoma zake zina ukali wa mdundiko.

Waandaaji, kwenu ni vitu vitatu vidogo: malipo kwenye karatasi kabla ya basi kuondoka, chumba chenye kitasa, na gari la kuwarudisha mabinti mpaka mlangoni kwao usiku, dereva akiwa na jina na namba inayojulikana. Gharama yake haifiki hata nusu ya zile fataki mnazorusha mwisho wa shoo.

Yule mwanafunzi wangu anarekodi wimbo wa pili Jumamosi hii, saa 4 asubuhi. Prodyuza ni kijana mwenye adabu, sina neno naye, na nilipomwambia nitakuja akasema, "Karibu sana, mama." Nitakwenda hata hivyo. Nitabeba chupa ya chai na kazi yangu ya kushona, nikae kwenye benchi karibu na mlango, mlango ukiwa wazi, mpaka ubeti wa mwisho uingie. Nimefanya hivyo kwa mabinti 11 mpaka sasa. Wanafunzi wangu ni 16, na Jumamosi ni moja tu kwa wiki.

Wenu katika muziki,
Mwalimu wa sauti, Sinza